Ezell Lathan na Vyombo vya Cedar Prong

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita mashine zilipofika kijijini kwetu Cedar Prong, Texas. Hapana, nimekosea. Hamsini na sita ukame ulikuwa bado umetukalia shingoni na visima vinatoa matope. Mashine zilikuja mwaka uliofuata, hamsini na saba. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza mwezi wa nne na haikutaka kukoma, na tingatinga la kwanza lilizama mpaka tumboni kwenye mkondo ulio chini ya kanisa. Jumapili ile watu walitoka ibadani wakaenda kulitazama kama wanaotazama tembo wa sarakasi aliyekwama.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Ezell Lathan.

"Wangeniuliza mimi," alisema huku akijipangusa machozi. "Hapo hapo nimezamisha nyumbu wanne wa kukokota mwaka wa ishirini na sita."

"Na wewe mwenyewe ukazama nao," mkewe Vernice akamkumbusha. "Mbona hilo husemi?"

"Nilizama kidogo tu."

"Mpaka kifuani, Bwana Lathan. Kofia ndiyo ilibaki kavu."

Watu wakacheka tena. Vernice alimwita mumewe Bwana Lathan mbele ya watu, kama walivyofanya wanawake wa rika lake. Nyumbani alikuwa na jina jingine la kumwita, na hilo lilikuwa lao wawili.

Ezell wakati huo alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa mrefu, mkono wa kushoto umepungukiwa kidole kwa sababu ya mnyororo wa nyumbu, na barabara aliijua kuliko mtu yeyote wa kaunti ile, mweusi au mweupe. Alianza kuisikia kabla hajaanza kuijenga. Baba yake, mzee Amzi, alikuwa akitoa siku zake za barabara. Sheria ya Texas enzi zile ilimtaka kila mwanamume mwenye nguvu atoe siku kadhaa kwa mwaka akatengeneze njia ya kaunti, na aje na jembe lake na chakula chake. Walijaza mashimo kwa udongo, mvua ya kwanza ikaurudisha udongo mtoni, mwaka wa pili wakaanza upya. Mzee Amzi alisema amelitengeneza pande lile moja la njia mara kumi na tisa na halijawahi kumwambia asante.

Halafu magari yakaja, na jimbo likaanza kujenga kwa kweli. Ezell akashika nyumbu. Nyumbu wanne wanakokota beleshi kubwa la chuma, nawe unatembea nyuma umeshika mpini, ukiuinua sana linakurusha hewani, ukiushusha sana halichoti kitu. Alijenga njia ya kokoto ng'ambo ya mto Trinity. Alimwaga barabara nyembamba ya zege ambayo malori mawili yakikutana moja lazima lipishe kwenye majani. Alikwenda magharibi mpaka mto Pecos, ambako alikuwa akiendesha nyumbu kutwa nzima bila kuona kivuli zaidi ya chake. Akiandika barua ilichukua siku nyingi kufika, na yote hayo yalikuwa Texas, hajavuka mpaka wowote. Vernice alikuwa akisema ameolewa na mtu ambaye tayari ana mke, na huyo mke mwenza ana urefu wa maili mia nane.

Alikuwa Pecos mwaka wa thelathini na moja binti yao Oleta alipougua koo. Oleta alikuwa na miaka sita. Aliumwa siku nne. Habari zilimfikia Ezell baada ya siku kumi na moja, na alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha kufagiwa mara mbili.

Nasema kufagiwa, maana kwetu jani haliachwi juu ya kaburi. Tunalipalilia mpaka udongo unabaki mtupu, tunaufagia kwa ufagio wa vijiti, na juu yake tunaweka kile chombo alichokitumia marehemu mwisho mwisho: kikombe, taa, chupa ya dawa, saa ya mezani. Kinavunjwa kidogo, ili mnyororo ukatike, asifuatwe na mwingine wa nyumba ile. Wengi hatukuwa na mawe ya kuandika majina. Chombo ndicho kilikuwa jina.

Oleta aliwekewa kikombe cha buluu, kile alichonywea maziwa yake ya mwisho, kimevunjwa mkono. Vernice alimpeleka mumewe akamwonyesha. "Hatua zangu kumi na mbili kutoka kwenye ule mwerezi mkubwa," alimwambia, "jua likiwa usoni pako asubuhi." Ezell alitazama, akaitikia kwa kichwa, akatoka. Tangu siku ile, kila mwezi wa nane watu walipokusanyika kusafisha makaburi na kula pamoja samaki wa kukaanga na kunde, yeye alikata vichaka pembezoni. Alikata kwa bidii, hakuna aliyeweza kumlaumu. Lakini zile hatua kumi na mbili hakuwahi kuzipiga mwenyewe. Hakuweza. Vernice alijua na akamwachia.

Sasa nirudi kwenye barabara kubwa, ile ya njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, kutoka Dallas mpaka Houston.

Miaka miwili kabla ya mashine walikuja wapimaji, na Ezell akaajiriwa kutangulia mbele yao na panga, akiwafyekea. Mkubwa wao alikuwa Bwana Whitley, mtu mpole mwenye miwani, aliyekula chakula chake amekaa kwenye gogo moja na Ezell, jambo ambalo si wengi walilifanya. Mstari wao ulipita chini, karibu na miti ya pekani, hatua mia tatu kutoka makaburini. Siku moja Bwana Whitley alisimama akakinga jua kwa mkono.

"Ezell, kule juu kwenye mierezi kuna nini? Naona vitu vinametameta."

Ezell alishusha panga. Lazima niseme alichokuwa nacho moyoni, usije ukamwona mjinga. Msimu uliotangulia watu wa mjini walikuja na gari kwenye makaburi ya jirani zetu, wakachukua taa na chupa za buluu wakaenda kupamba rafu za nyumba zao. Kanisa letu likakaa kikao. Mama Dovie Sykes, mkubwa wetu, akasimama akasema mgeni akiuliza habari za kule juu, hakuna kitu kule juu. Wote tukasema amina. Na mstari wa barabara ulikuwa mbali, Ezell mwenyewe alikuwa ameshika vigingi vyake.

"Vyombo vya zamani tu, bwana," alisema. "Vikombe vilivyovunjika."

"Watu wa hapa ndio wanaviweka?"

"Ndiyo, bwana. Tangu zamani."

Bwana Whitley akatoa penseli, akaandika mstari mmoja kwenye kitabu chake, akakifunga. Wakaendelea na kazi.

Katikati ya hapo, huko maofisini, mstari ukasogezwa. Kulikuwa na bwawa la ng'ombe la mtu fulani ambalo halikutakiwa kuguswa. Hatua mia tatu ni kitu gani kwenye karatasi? Ni upana wa penseli. Cedar Prong hakuna aliyeambiwa.

Basi mwaka ule wa mvua, kampuni iliyopewa kazi ya kujenga ilimwajiri Ezell kwenye kikosi cha makalvati. Jumatatu moja alikuwa chini mtoni anapanga mabomba, akasikia msimamizi anamwita kwa sauti iliyofika kabla yake. Msimamizi alikuwa Bwana Hutto, mtu mfupi mwenye kelele nyingi na roho isiyo mbaya.

"Ezell! Njoo unisaidie! Kuna bibi amekaa mbele ya tingatinga langu na mwavuli!"

Ezell alipanda kilima akikimbia. Mierezi yote ilikuwa chini. Visiki vilikuwa vimeng'olewa, mashimo yake yamefukiwa na kushindiliwa, maana tingatinga lilikuwa limepita mara tatu tangu alfajiri. Vyombo vyote, vya miaka themanini, vilikuwa vimekokotwa kwa reki vikawa lundo moja pembeni. Mbele ya chuma alikaa Mama Dovie juu ya kigoda.

"Mwambie huyo azime mashine," Mama Dovie alisema bila kugeuka. "Inanitikisa kigoda."

"Mama, hapa hapakuhusu," Hutto alisema. "Hili ni jalala."

"Jalala ni kwa mama yako."

"Nimeandikiwa!" Hutto alikunjua ramani kwenye boneti ya gari, akaweka kidole. "Tazama, Ezell, wewe unasoma. Soma."

Ezell akasoma. Jalala la vyombo vya zamani, kwa maelezo ya mwenyeji.

"Mwenyeji gani?" Vernice aliuliza. Alikuwa amefika na wanawake wengine, aproni bado ina unga.

"Jina halikuandikwa," alisema Hutto.

"Na huyo aliyeandika hakuona pamefagiwa? Wapi ameona jalala linafagiwa?"

Ezell alikuwa anaitazama ramani kama mtu anayesoma ukurasa mrefu, na kumbe alikwisha kusoma.

"Ni makaburi, Bwana Hutto," alisema mwishowe. "Watu wetu wako hapo. Mama yangu yuko hapo. Binti yangu."

Msimamizi alivua kofia. Aliitazama ile ardhi, akamtazama yule bibi, akaikunja ramani. "Mashine kubwa za kukwangua zinakuja Ijumaa," alisema. "Hazinisikilizi mimi. Nionyesheni kila kaburi lilipo, nitawapa watu wa kuchimba, tutawahamishia kanisani kwa heshima. Lakini nionyesheni. Kilima kizima siwezi kuchimba."

Kwa hiyo tulikuwa na siku nne. Jumanne wanawake walilizunguka lile lundo wakaanza kuchambua, na hapo palikuwa na kilio na palikuwa na kicheko pia, maana watu ni watu. "Hii taa ya shangazi Cleora, alimrushia mumewe ikamkosa." "Hiyo saa ni ya baba yangu." "Ya baba yako? Baba yako lini alijua saa ngapi?" Kila mmoja akibeba chombo chake anakwenda uwanjani, anatembea polepole, anasimama, na anaonyesha kwa kiwiko.

"Mbona mnanielekeza kwa viwiko?" Hutto aliuliza. "Hamna vidole?"

"Anayeonyesha kaburi kwa kidole, kidole kinaoza," Mama Dovie akamwambia. "Cha kwako kama hukitaki, onyesha."

Hutto akaingiza mikono yote mfukoni, na mpaka Ijumaa hakuitoa akiwa pale juu.

Penye shaka walimwita Ezell. Alikuwa na fimbo ndefu ya chuma, na barabara ilikuwa imemfundisha kuutambua udongo uliowahi kufunguliwa. Anachoma, anasikiliza kwa viganja, anasema hapa, au anasema sogea. Pembezoni, ambako tingatinga halikushindilia, hakukosea hata mara moja. Kufikia Jumatano jioni walikuwa wamewapata ishirini na watatu, na mama yake akiwemo.

Oleta hawakumpata.

Vernice alikiokota kile kikombe cha buluu kutoka kwenye lundo, vipande vitatu, akavifunga kwenye aproni. Akaenda katikati ya uwanja ili apige hatua zake kumi na mbili, akasimama. Mwerezi haukuwepo wa kuanzia.

"Ulikuwa hapa," alisema.

Akatembea. Ezell akachoma fimbo. Pale katikati ndipo tingatinga lilipogeukia, na ardhi yote ilikuwa ya namna moja, juu imevurugwa na chini imekandwa kama unga wa mkate. Viganja vyake havikusikia kitu. Wakachimba, pakawa patupu.

"Basi ulikuwa pale. Bwana Lathan, wewe ulikata vichaka hapa miaka yote. Mwerezi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakata kwa kule pembeni," alisema.

"Najua ulikuwa pembeni. Macho hukuwa nayo?"

Wakachimba pa pili, wakakuta vifungo vya koti la mtu mzima. Wakachimba pa tatu. Alhamisi mchana mwenye kazi ya maziko, Bwana Pruitt, alimvuta Ezell kando. Alisema kwa upole kwamba mtoto wa miaka sita, katika udongo mwekundu kama ule, miaka ishirini na sita, huenda asibakize cha kuonekana, na huenda tayari walikwisha kupita alipo bila kujua. Ezell akamwomba asimwambie Vernice. Vernice alikuwa amesimama nyuma yao.

Mvua ilianza tena. Watu walikimbilia chini ya turubai la kampuni, wao wawili wakabaki. Ezell aliichomeka fimbo ardhini na kuiegemea.

"Vernice. Yule mwenyeji ni mimi."

"Mwenyeji yupi?"

"Wa kwenye ramani. Aliniuliza kule juu kuna nini, nikamwambia vyombo vya zamani. Tulivyokubaliana kanisani. Nilidhani namficha mwanetu."

Maji yalimtiririka Vernice usoni na hakuyafuta.

"Ulimwita Oleta vyombo," alisema.

Mama Dovie aliyasikia, maana mvua haikumziba masikio, akatoka na mwavuli wake. "Tulisema wote, binti yangu. Mimi ndiye niliyesimama. Kama ni kosa, anza na mimi."

"Wewe hukuulizwa, Mama," Vernice alimjibu. "Yeye aliulizwa. Na mtu alikuwa mpole, alimpa nafasi kwenye gogo lake. Angesema tu, hapo yuko mwanangu."

"Angeamini?" Ezell aliuliza.

"Sasa tutajuaje?"

Ijumaa mashine zilifika saa mbili asubuhi. Hutto alizizuia mpaka adhuhuri, akisingizia matope, na nasikia alitukanwa kwa ajili hiyo. Ezell alichimba peke yake katika ile mvua, mashimo sita, saba, bila mpangilio tena, mpaka wenzake wa kikosi cha makalvati walipokuja wakamshika mikono kwa upole. Vernice alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Mama Dovie na aproni mapajani. Alipoambiwa muda umekwisha aliinuka, akaomba apite mara moja tu. Alitembea uwanja mzima kwenda na kurudi, akiongea chini chini. Halafu mashine zikaingia, na kile kilima kikakwanguliwa na kumwagwa bondeni kiwe tuta, na juu ya tuta zikaja kokoto, na juu ya kokoto, zege.

Walikaa pamoja miaka mingine mingi. Mtu asiwaze kwamba Vernice alimwacha. Alimpikia, alimshonea, alimuuguza alipovunjika nyonga, alimcheka alipostahili kuchekwa. Ila lile jina la nyumbani hakumwita tena. Asubuhi na jioni, hata mlango ukiwa umefungwa, alikuwa Bwana Lathan. Ezell aliwahi kuniambia kwamba kidole alipokipoteza kule Pecos kilimuuma mwaka mmoja, lakini hili halikuacha kumuuma.

Barabara ilifunguliwa kwa utepe na bendi ya shule, ingawa mabasi yalikuwa yakipita pande letu tangu miezi mingi. Ezell alivaa suti yake, akaenda. Watu wakubwa walihutubia: zamani Dallas mpaka Houston ilikuwa siku nzima, sasa ni asubuhi tu. Makofi yakapigwa. Walipomaliza alimsogelea mhandisi mmoja aliyekuwa na ramani mbili mkononi, ya zamani na mpya, akavua kofia.

"Samahani, bwana. Mwerezi mkubwa wa Cedar Prong uko kwenye hiyo ya zamani?"

"Miti hatuiandiki, mzee."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ulikuwa unataka nini?"

Ezell aliizungusha kofia mikononi. Alieleza kwamba mkewe ana dada Houston, na kwamba sasa basi linapita juu kabisa pale, linakwenda mbio, na kabla hujajiandaa limekwisha kupita. Kila safari Vernice anahangaika, mara anahamia kiti cha kulia, mara cha kushoto, na abiria wanamtazama. Hakuwa amekuja kulalamika, alisema. Barabara ni nzuri, yeye mwenyewe ameijenga. Alitaka jambo moja tu, amwambie mkewe akae dirisha gani. Swali lile lile alimwandikia Bwana Whitley barua mara mbili, na Bwana Hutto alimuuliza uso kwa uso, na mchungaji, na baadaye hata mimi, niliyekuwa sina ramani wala elimu:

"Oleta yuko upande wa wanaokwenda, au wa wanaorudi?"